Kununua wiski adimu ya Scotland mnadani ukiwa Mbeya: bei ya nyundo, gharama mpaka mlangoni na utunzaji huku juu

Loleza_Juu (Mbeya)

Wakuu, kamwene. Naenda moja kwa moja kwenye hoja.

Nalenga kununua chupa ya wiski ya Scotland ya toleo maalumu kwenye minada ya mtandaoni ya Uingereza. Bajeti ni pauni 400, na hiyo ni jumla mpaka chupa inatua mtaa wa Forest hapa Mbeya, siyo bei ya mnadani. Jicho liko kwenye aina mbili: Springbank ya Local Barley, au chupa ya kiwanda kilichofungwa zamani kama Port Ellen au Brora.

Ninachotaka kujua:

1. Bei inayoonekana kwenye skrini mnada ukifungwa, inaongezeka nini na nini mpaka chupa inafika mkononi?
2. Unajuaje kwa picha tu kwamba chupa ni nzima na siyo feki?
3. Huku kwetu ni juu na baridi, Juni asubuhi vidole vinakufa ganzi. Kuna ubaya kwa chupa? Nimesikia watu wanazilaza kama mvinyo.

Chupa ni ya kukaa miaka, siyo ya kufungua Desemba.

---

Bei_ya_Nyundo (Iringa)

Kamwene mkuu. Namba moja nitaibeba mimi, mbili na tatu wapo wanaozijua zaidi yangu humu.

Kwanza Port Ellen na Brora ziondoe kichwani kwa pauni 400. Viwanda vyote viwili vilizimwa 1983. Toleo la kwanza la Port Ellen katika matoleo ya kila mwaka ya Diageo, kampuni inayokimiliki, lile la 2001 la miaka 22, zilikuwa chupa 6,000 tu, na kila moja inayofunguliwa inapunguza hesabu. Brora kilirudi kazini 2021 na Port Ellen 2024, lakini hilo halishushi chupa za zamani, maana wiski ya mapipa mapya itachukua miongo kufikia umri ule. Ukitaka ladha ya kiwanda kilichokufa kwa hela ya kibinadamu, tafuta Imperial (kilifungwa 1998, wakakibomoa 2013), Caperdonich (2002) au Littlemill (1994), na utafute zile za wawekaji chupa wa kujitegemea kama Gordon & MacPhail, Cadenhead's au Signatory. Hawa hununua pipa na kuliweka chupani kwa jina lao. Lebo inakwambia namba ya pipa, mwaka wa kupikwa, mwaka wa kuwekwa chupani na idadi ya chupa.

Hiyo idadi ndiyo uadimu wenyewe. Pipa la lita 250 lililokaa miaka 20 linatoa chupa kama 200 hivi, kwa sababu linapoteza takriban asilimia 2 kila mwaka kwa kuvukiza. Pipa la sheri (lililobeba mvinyo wa Hispania) la lita 500 linaweza kutoa zaidi ya 500. Sasa linganisha na chupa iliyoandikwa "toleo maalumu" kwa wino wa dhahabu bila namba yoyote. Maneno "toleo maalumu" hayana kipimo kisheria, kiwanda kinaweza kutoa makumi ya maelfu na kuyaandika hayohayo. Boksi zuri lisikuzuzue.

Sasa hela. Bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda mnada ukifungwa, siyo unayolipa. Juu yake kuna kamisheni ya mnunuzi, na juu ya kamisheni kuna VAT ya Uingereza asilimia 20. Kwa chupa za watu binafsi VAT kwa kawaida inakamata kamisheni tu, haigusi bei ya nyundo. Kamisheni hutofautiana mnada na mnada, soma ukurasa wa ada kabla hujajisajili. Tuseme ni asilimia 12.5. Ukiongeza VAT yake inakuwa 15. Kwa hiyo chupa ya nyundo 300 unalipa 345, kabla haijasogea hata hatua moja.

Kutoka hapo njia zinagawanyika, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Njia A, msafiri. Chupa inapelekwa kwa ndugu au rafiki aliyeko Uingereza, naye anakuja nayo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu abiria wa miaka 18 na zaidi kuingia na pombe kali isiyozidi lita moja bila ushuru. Chupa ya sentilita 70 inaingia, mbili haziingii. Kwenye ndege, pombe ya zaidi ya asilimia 24 mpaka 70 inaruhusiwa lita 5 kwa mtu, ikiwa kwenye chupa yake ya dukani iliyofungwa. Usichanganye hizi mbili: lita 5 ni usalama wa ndege, lita 1 ni ushuru. Halafu isiende begi la mkononi, haikununuliwa duka la uwanjani, wanaweza kuitoa pale kwenye ukaguzi na hakuna wa kumlilia.

Njia B, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Uliza kwanza kama mnada wenyewe unatuma Tanzania, wengine hawatumi. Ikifika, forodha inachukua thamani ya ankara, nauli na bima kwa pamoja, inapiga ushuru wa forodha, inaongeza ushuru wa bidhaa kwa kila lita, halafu VAT asilimia 18 inakaa juu ya mzigo wote huo, yaani kodi juu ya kodi. Viwango vinaguswa kila Julai na Sheria ya Fedha, kwa hiyo pata hesabu ya mwaka huu kwa wakala wa forodha kabla ya mnada, siyo baada. Muulize pia kuhusu stempu ya kodi ya pombe kali na kibali cha TBS kwa chupa moja ya matumizi binafsi. Stempu ikigandishwa juu ya foili (ule utando unaofunika kizibo) ya chupa ya mkusanyaji, hiyo ni kasoro ya kudumu.

Hesabu ifanyike kinyumenyume, kuanzia mlangoni kurudi mnadani. Mfano wa tarakimu tu:

Njia A: 400, toa 12 za kuipeleka kwa ndugu yako kule kule Uingereza, inabaki 388. Gawanya kwa 1.15. Nyundo yako mwisho 337.

Njia B: tuseme ushuru na kodi zote zimefika theluthi mbili ya thamani. 400 gawanya kwa 1.67, inabaki kama 240. Toa nauli na bima, tuseme 70, inabaki 170. Gawanya kwa 1.15. Nyundo yako mwisho 148.

Hela ni ileile 400, lakini chupa ni mbili tofauti kabisa.

Kuhusu kuweka dau: unaingiza kiwango chako cha juu, mfumo unakupandishia hatua kwa hatua pale tu mwingine anapokupita. Dau zikilingana, kwa minada mingi aliyetangulia ndiye anayeshinda, kwa hiyo kusubiri sekunde ya mwisho hakukupi kitu. Tena minada mingi ikipata dau dakika za mwisho inasogeza muda mbele, na ndipo watu wanapojikuta saa sita usiku wakipandisha tano tano kwa hasira. Weka kiwango chako, funga simu, lala.

---

Ulanzi_Mtogwa (Mafinga)

Yaani pauni 400 kwa kitu usichokunywa. Huku kwetu ulanzi, pombe ya mianzi, wa asubuhi ni mtogwa (mtamu), jioni umeshakuwa mkangafu (mkali), hakuna anayeuwekea bima 😂

Ila swali la kweli: wiski ikikaa chupani miaka 20 inazidi kukomaa?

---

Bei_ya_Nyundo

Haikomai, mkuu. Umri wa wiski unahesabika ikiwa kwenye pipa la mwaloni, angalau miaka 3 na ndani ya Scotland, vinginevyo hairuhusiwi kuitwa Scotch. Ikishaingia kwenye chupa, umri umesimama. Ya miaka 12 iliyowekwa chupani 1985 bado ni ya miaka 12 mpaka leo. Kinachoongezeka ni uadimu.

---

Mama_Uyole (Mbeya)

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Namba tatu.

Kulaza: hapana. Mvinyo unalazwa ili kizibo kisikauke, na una kilevi kidogo. Wiski ina asilimia 40 mpaka 60, ikigusa kizibo cha gome kwa miaka inakilainisha na kukimeng'enya, kinaanza kuvuja au kinakatika siku ya kufungua. Chupa ya wiski isimame wima maisha yake yote.

Sasa huku juu. Hili halimo kwenye miongozo ya wazungu kwa sababu wao wanaishi karibu na usawa wa bahari. Chupa ilizibwa kule chini, hewa iliyo juu ya wiski ndani ya shingo ina mgandamizo wa kama hektopaskali 1,013. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, hewa ya nje ni kama 830. Tofauti hiyo inasukuma kizibo kutoka ndani kwenda nje. Kwa kizibo cha kipenyo cha sentimita 2 ni nguvu ya zaidi kidogo ya nusu kilo, usiku na mchana. Kizibo kipya kinacheka tu. Kizibo cha mwaka 1975 kilichosinyaa kinapitisha hewa, na hewa ikitoka inabeba mvuke wa kilevi. Vizibo vya zamani vya kuzungusha, vya bati, ndivyo vibaya zaidi, gasketi yake inakuwa imekauka kama ganda. Njombe ni juu zaidi, tatizo ni lilelile na zaidi kidogo. Kyela mko salama kwa mgandamizo, ila joto litawamaliza.

Ndege nayo inafanya hivyohivyo kwa saa chache. Huku kwetu ni kila siku mpaka ndani na nje palingane.

Sasa fanya hivi. Kabla ya safari shingo iwe imezungushiwa parafilm, ule utando wa maabara unaonyumbuka. Maduka ya vifaa vya maabara wanauza. Kata kipande cha upana wa sentimita 5 na urefu wa 10, vuta mpaka kiwe karibu mara mbili, anza kwenye kioo chini ya foili, panda kuelekea juu mpaka uvuke pale kizibo kinapokutana na kioo, mizunguko miwili. Hauna gundi, hauachi alama. Usiuache juani, unalainika na kunata. Jua pia kwamba parafilm inazuia mvuke na matone, haizuii mgandamizo, usiitegemee kama kifuniko cha mtungi wa gesi.

Ukishaipokea, isimamishe siku nzima bila kuigusa. Vua parafilm. Pitisha tishu nyeupe kavu kuzunguka ukingo wa foili, kisha inuse. Tishu ikipata rangi ya chai au harufu, kizibo kinavuja. Kama ni kavu, ipime uzito kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja, andika tarehe na gramu. Rudia baada ya wiki mbili. Halafu ndipo ufunge parafilm mpya, upime tena pamoja nayo, na hiyo ndiyo iwe namba yako ya msingi.

Kwa nini mizani na siyo macho? Kwa sababu kina cha wiski shingoni kinadanganya. Wiski inatanuka kwa joto. Chupa ya sentilita 70 ikipanda digrii 10 inaongezeka kama mililita 5, na kwenye shingo nyembamba hiyo ni karibu sentimita moja na nusu. Ukiipiga picha Juni alfajiri kisha Oktoba mchana utadhani inajijaza yenyewe. Ukianza Oktoba ukarudi Juni utadhani inavuja, na utahangaika bure. Uzito haubadiliki kwa joto. Mililita 10 zikipotea, mizani itashuka gramu 9 hivi. Pima mara mbili kwa mwaka. Chupa inayopoteza gramu 1 au 2 kwa mwaka iache. Inayopoteza 10, inywe na marafiki kabla haijaisha yenyewe.

Mahali pa kuweka: kabati la mbao kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, chini, gizani. Siyo juu ya kabati karibu na dari, maana bati la Oktoba linachoma. Siyo jikoni. Siyo dirishani, jua linafifisha lebo na rangi ya wiski yenyewe. Baridi ya Mbeya haina neno, kinachoua ni kupanda na kushuka kwa joto kila siku. Wiski ikipoa sana inaweza kuwa na ukungu ndani kama haikuchujwa kwa baridi kiwandani, ukiirudisha kwenye joto unapotea, siyo kuharibika.

Unyevu: kipima unyevu kidogo cha bei nafuu kinatosha, lenga asilimia 50 mpaka 65. Tukuyu kwa mvua zile lebo zinaota kuvu, weka vifuko vya silika na uvikaushe kila mwezi. Na mende! Mende wanakula gundi ya lebo. Kwa huku mjini zungushia lebo nailoni laini ya kufunikia chakula, bila kuibana. Tukuyu usifanye hivyo, nailoni itafungia unyevu ndani na utaikuta lebo imevimba.

---

Loleza_Juu

Marahaba sistahili, shikamoo mama 🙏 Ndaga fijo. Hilo la mizani sikuwahi kulifikiria. Je, ikija kwa basi kutoka Dar kuna la kuangalia?

---

Mama_Uyole

Lipo. Buti la basi linapata joto la barabara kutoka Chalinze mpaka Mikumi, na chupa ikiwa karibu na injini ndiyo hatari. Panda nayo ndani, kati ya miguu, wima. Kama umeifunga kwenye mfuko wa plastiki unaojazwa hewa, usiujaze mpaka ukakaza ukiwa Dar. Ukipanda mlima wa Kitonga mfuko unavimba, unabana boksi, na boksi la kadibodi la toleo maalumu linapasuka pembeni. Jaza robo tatu tu. Boksi lenye pembe iliyopasuka linakatwa bei mnadani hata kama chupa ni safi.

---

Mkaguzi_wa_Lebo (Njombe)

Nachukua namba mbili. Kwa pauni 300 na kitu hutakutana sana na feki za kiwango cha juu, hao wanahangaika na chupa ghali kama Macallan. Utakutana na mambo mawili: chupa iliyochoka ambayo picha imeificha, na chupa halali iliyojazwa upya.

Anza na kina. Minada inakieleza kwa sehemu za chupa: ndani ya shingo, mwanzo wa shingo, bega la juu, katikati ya bega, bega la chini. Chupa iliyowekwa miaka ya 2000 kwenda mbele lazima iwe ndani ya shingo. Ikiwa begani na ina miaka 15 tu, kizibo kina hadithi, achana nayo. Ya miaka ya 1970 kuwa bega la juu ni kawaida. Kinyume chake pia ni dalili: chupa ya 1968 iliyojaa mpaka kwenye kizibo, foili inang'aa, lebo imechakaa. Vitu hivyo vitatu havizeeki kwa mwendo tofauti. Uliza picha zaidi.

Rangi. Tafuta chupa nyingine za toleo hilohilo kwenye kumbukumbu za minada iliyopita, ziweke picha pembeni. Zikiwa zimetoka pipa moja rangi lazima zifanane. Moja ikiwa ya dhahabu na nyingine ya kahawia, mojawapo inakudanganya, au mpiga picha ana taa mbovu.

Maandishi. Kabla ya 1980 chupa za soko la Uingereza zilionyesha nguvu kwa kipimo cha zamani cha "proof": 70 yao ni asilimia 40 yetu, 100 yao ni asilimia 57.1. Ujazo uliandikwa kwa aunsi. Miaka ya 1980 unaona sentilita 75, kisha kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 sentilita 70 kwa Ulaya. Marekani waliendelea na 75. Kwa hiyo chupa inayodai iliwekwa 1972 kwa soko la Uingereza na ina "70cl" na msimbo wa milia, hiyo ni lebo ya kompyuta ya juzi. Kwa chupa za sasa angalia msimbo wa kundi uliochomwa kwa leza kwenye kioo, chini karibu na kitako. Mara nyingi unabeba tarehe ya kuwekwa chupani, na lazima ikubaliane na lebo.

Foili ivutwe karibu kwenye picha: mikunjo mipya, gundi inayochungulia, ncha iliyokatwa mara mbili. Wanaojaza upya wananunua chupa tupu halali mtandaoni. Ndiyo maana ukiimaliza chupa ya thamani, kwaruza lebo kwa kisu au ivunje. Usiitupe nzima na boksi lake, na usimpe mtu "akaweke maua".

Kwa anayedhani feki ni za masikini: mwaka 2018 maabara ya SUERC ya kule East Kilbride, Scotland, ilipima chupa 55 adimu kwa kaboni, na 21 zikaonekana ni bandia au hazikupikwa mwaka ulioandikwa. Kipimo kinafanya kazi kwa sababu majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, ikaingia kwenye shayiri. Wiski inayodai ni ya 1885 ikiwa na kaboni ya bomu, shayiri yake haikuota wakati wa Malkia Victoria. Mwaka 2017 hoteli moja ya St. Moritz iliuza toti moja ya "Macallan ya 1878" kwa faranga 9,999 za Uswisi. Vipimo vikasema ni mchanganyiko wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hoteli ilimrudishia mteja hela yake.

Na Springbank uliyoitaja: Local Barley siyo chupa moja. Ni mfululizo ulioanza upya 2016 kwa ya miaka 16, ikafuata ya miaka 11 mwaka 2017 iliyopikwa kwa shayiri ya kale iitwayo bere. Shayiri hutoka mashamba ya karibu na kiwanda, na boksi linataja aina yake. Ukitafuta bei za nyuma, linganisha umri, mwaka na asilimia ya kilevi, vyote vitatu. Wengi wanaona "Local Barley ilienda 250" wakapandisha kwa nyingine kabisa.

---

Mpita_Tunduma

Kwani lazima uilete? Acha kwenye ghala la mnada kule kule, ikipanda unauza. Ukiileta Mbeya umeiua, utamuuzia nani? Na kuna wanaouza hata mapipa mazima, unapewa cheti, unasubiri miaka kumi.

---

Bei_ya_Nyundo

Mkuu, nusu ya kwanza nakubali. Kama lengo ni kuuza, isitoke Uingereza. Kuirudisha mnadani kutoka Mbeya kunahitaji msafiri mwingine au usafirishaji nje, na mnunuzi anapenda chupa isiyozunguka dunia. Ila uliza ghala linatoza kiasi gani kwa mwezi muda wa bure ukiisha, na bima yao inafidia bei ya nyundo au thamani ya leo. Halafu muuzaji naye anakatwa: kamisheni, ada ya kuorodhesha, na ada ya kuweka bei ya chini ya kuuzia. Chupa inatakiwa ipande kama robo ndipo urudishe tu hela yako. Na tangu 2022 bei za chupa adimu zimekuwa zikishuka, kwa hiyo anayekwambia "wiski hupanda tu" anakuuzia kitu.

Ya pipa, kaa mbali. Cheti chenye muhuri wa rangi siyo umiliki. Pipa linakaa kwenye ghala la forodha, na umiliki unahama pale mwenye ghala anapopokea hati ya kuhamisha iliyotajwa namba ya pipa na kukubali kwa maandishi kwamba limeandikwa jina lako. Muuzaji asiyekupa namba ya pipa, jina la ghala na simu ya ghala ili uulize mwenyewe, hana pipa. Au analo, na ameshawauzia wengine wanne.

---

Mpita_Tunduma

Sawa mkuu, nimekusoma. Cheti nilichotumiwa hakina jina la ghala.

---

Mkaguzi_wa_Lebo

Basi umeshajibiwa.

---

Loleza_Juu

Wakuu asanteni sana. Nimeamua: chupa ya kukaa nayo, siyo biashara, kwa hiyo Njia A. Kuna binamu anakuja Agosti, hana pombe nyingine ya kubeba. Nimeiona Imperial ya pipa moja, iliyowekwa chupani na mwekaji wa kujitegemea, namba ya pipa ipo, kina ndani ya shingo, boksi limekwaruzika kidogo kona ya chini. Kamisheni ya mnada huo ni 12.5 kweli. Nataka kuweka dau la juu 340 nilale. Sawa?

---

Bei_ya_Nyundo

340 mara 1.15 ni 391. Ongeza 12 za kuifikisha kwa binamu, 403. Umeshavuka, na bado nauli ya kuipandisha kutoka Dar. Angalia hatua za mnada kwenye kiwango hicho: zikiwa za tano tano weka 335, unatoka na 397.25. Zikiwa za kumi kumi weka 330, unatoka na 391.50 na chenji ya parafilm inabaki.

---

Mama_Uyole

Na binamu aambiwe aifunge parafilm akiwa huko huko, siyo akifika. Aipime uzito pia kabla ya kuiweka begini, akutumie namba. Ukiipima huku na mizani zikapishana zaidi ya gramu 5, hakikisheni kwanza mizani zote mbili kwa kitu kimoja kilekile cha kama kilo moja, kilichopimwa kule na huku, kabla hujaanza kulaumu kizibo.